Ada Iliyoliwa Mbwemkuru

Asubuhi ile niliondoka Pande nikiwa na mbuzi jike, kamba mkononi, bila kujua hasa ninakwenda wapi. Nilijua tu kwamba nataka kujifunza kuendesha lori, na kwamba mbuzi yule ndiye ada.

"Ada unakwenda kumpa nani?" mama aliniuliza.

"Nitamjua nikimwona."

Akatikisa kichwa, akaendelea kupepeta mtama wake. Alikwishanizoea. Shule niliiacha nikiwa mdogo, mwalimu alipochoka na maswali yangu nami nilipochoka na majibu yake. Baada ya hapo nilivua, nikabangua korosho za watu, nikachoma chokaa, na kila kazi niliiacha mara tu nilipoelewa inavyofanywa.

Hamu ya lori ilinianza siku tulipohamishwa kupelekwa kijiji kipya. Lori lilikuja likabeba vitanda, vinu, hata milango, nasi tukapanda juu ya vitu vyetu wenyewe. Watu waliulizana tunapelekwa wapi. Balozi wetu wa nyumba kumi hakujua, au alijua akanyamaza. Mimi nikainama nikachungulia dirishani kwa dereva. Alikuwa anatafuna muhogo mbichi, kiwiko nje, ametulia kabisa. Nikawaza, katika sisi wote huyu peke yake ndiye anayejua tuendako. Tulipofika njia panda alisimamisha gari, akashuka, akamuuliza balozi tushike njia ipi. Lakini wakati huo mimi nilikuwa nimekwishaamua.

Dar es Salaam kulikuwa na shule za udereva, watu walisema, lakini hata nauli ya kufika huko sikuwa nayo. Mtu kama mimi alimwendea dereva, akampa alichonacho, akachukuliwa kuwa taniboi. Ukipakia, ukiosha, ukisukuma, siku dereva akiamka na moyo mzuri alikupa usukani mahali pasipo na watu. Ukishaiva ndipo ulikwenda kutahiniwa upate leseni. Mimi nilichokuwa nacho ni mbuzi. Nilimpata kwa mjomba wangu, kwa kumpalilia mikorosho msimu mzima.

Nilifika Kiranjeranje jua limepanda. Lori la magunia ya korosho lilikuwa limesimama kando ya barabara, abiria wachache wamekaa juu, na dereva, mtu mzima mwenye kitambi, anamimina maji kwenye rejeta.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mbuzi huyo anakwenda wapi?"

"Anakuja kwako. Nataka unifundishe kazi."

Alimtazama mbuzi kwanza, akamfunua mdomo akaangalia meno, ndipo akanitazama mimi. "Taniboi wangu kaoa Kilwa, kasema barabarani harudi tena. Wewe kabila gani?"

Hapo ndipo nilipokosea. Ningeweza kusema mimi mtu wa Pwani, kama walivyosema wengi, mambo yangeishia hapo. Nikajibu kwa sauti ya kujivuna, "Mmwera."

Uso wake ukafunguka. "Mmwera! Kumbe mateka wangu! Babu yangu alikutafuta sana wewe. Mimi Mngoni, wa Songea."

Juu ya magunia watu wakaangua kicheko. Mimi nikacheka pia. Babu zao walipigana na babu zetu, na vita vilipokwisha kikabaki kitu hiki, utani. Mtani akichukua chako hukasiriki. Ukikasirika, umejiaibisha wewe na ukoo wako. Na kamba ya mbuzi nilikuwa nimekwishamkabidhi.

"Panda," akasema. Sikujua amenipandisha kama nani.

Alasiri tulikwama bonde la Mbwemkuru. Mvua ilikuwa imenyesha siku iliyopita na udongo mweusi ulimeza magurudumu ya nyuma hadi katikati. Tulikata matawi, tukasukuma, tukatota. Lori likazidi kuzama. Ikabidi tusubiri trekta ya kutuvuta, nayo ingekuja kesho yake kama ingekuja. Chakula hakikuwepo. Dereva akakaa juu ya gurudumu la akiba, akamkazia macho mbuzi.

"Mtani, huyu mbuzi ananitazama kwa dharau."

"Huyo ni ada," nikasema.

"Ada? Tangu lini mateka akawa na ada? Wewe mwenyewe mali yangu, sasa mali nayo ina mali?"

"Kweli hiyo!" mtu mmoja akadakia. Njaa ilikuwa imemtia upande wa dereva.

"Tatizo mimi Mkristo," dereva akaendelea. "Nikichinja mimi, mama zako hawa watalala njaa. Shika kisu wewe."

Nikawatazama abiria. Wote walikuwa wananitazama mimi. Nikamwelekeza mbuzi kibla, nikasema Bismillahi, nikaichinja ada yangu kwa mkono wangu mwenyewe.

Mama mmoja wa Kiswere, muuza mikeka, ndiye aliyebanika. Alinipa paja. "Kula, baba. Unamwombolezea?" Nikala. Nyama ilikuwa tamu, na utamu ule ulinichanganya zaidi, maana sikujua kama nimelipa nikashiba, au nimeibiwa nikashiba.

Trekta ilikuja asubuhi. Kabla hatujaondoka nikamfuata dereva.

"Mzee, kwa hiyo nimelipa?"

"Umelipa nini? Tumekula wote. Wewe nimekuona na paja."

"Basi hunifundishi?"

"Nani kasema sikufundishi?"

"Kwa hiyo utanifundisha?"

"Nani kasema nitakufundisha? Wamwera maswali mengi, ndiyo maana tuliwakamata, mlisimama kuuliza."

Njia nzima nilijaribu kumsoma. Kwenye kila mlima alipiga kelele niruke na gogo nikazuie gurudumu, na hiyo ilikuwa kazi ya taniboi. Nikapata tumaini. Lakini nilipoomba kukaa mbele, nione miguu yake inavyokwenda, alisema kiti kile hakiwapendi mateka. Nikabaki juu, nikisikiliza giya zinavyobadilika, nikijaribu kukisia mguu upi umekanyaga nini. Tulipopita Mchinga nilikuwa nimekwishajua sauti ya kupanda na sauti ya kushuka, bila kujua kama ninajifunza au ninasafiri tu.

Yule mama wa mikeka alikuwa akinitazama kwa muda. "Mwanangu," akasema, "mbona unamhoji mwenzio kama hakimu? Yeye anatania, wewe unaomba. Mtani tangu lini akaombwa?"

Sikumwelewa. Nilimuuliza ana maana gani, akanijibu kwamba mimi kweli Mmwera, akajifunika kanga akasinzia.

Tuliingia Lindi mchana. Abiria wakashuka mmoja mmoja, magunia yakashushwa ghalani, na kazi ile niliifanya yote. Kisha dereva akaliegesha lori mbele ya nyumba yake, mtaa wa Mtanda, akazima, akashuka.

"Haya mtani, salimia wazee," akasema, akaingia ndani.

Nilisimama pale barabarani. Lindi sikuwa na ndugu wala rafiki. Pande ningerudi vipi, na mama ningemwambia ada ameichukua nani? Nililitazama lori. Bado lilikuwa la moto, linanukia mafuta na matope. Nilijiona mpumbavu. Halafu maneno ya yule mama yakanijia, nikayageuza huku na huku, na sikuwa na hakika kama nimeyaelewa, lakini miguu ilikuwa imekwishaanza kwenda.

Nikapiga hodi, sikungoja karibu. Kwenye baraza ya uani palikuwa na kitanda cha kamba kimetandikwa shuka safi. Nikajilaza, na matope yangu yote.

Mke wake alitoka jikoni na mwiko mkononi. "We! Nani wewe?"

"Mtani wako, shemeji. Mumeo kala mbuzi wangu. Mimi nimechukua kitanda chake."

Dereva alitokeza kutoka bafuni, kajifunga taulo. Alisimama. Alinitazama muda mrefu, nami sikuweza kujua kama ni hasira au ni kicheko kinachokataa kutoka.

"Mke wangu," akasema mwishowe, "ongeza unga. Mateka kapata akili." Kisha kwangu, "Vua viatu, kitanda cha watu hicho. Na kesho nikiamka nikute rejeta imejaa. Ukiliwasha bila mimi, nakuuza."

"Kwa hiyo nitaliwasha siku moja?"

"Lala wewe!"

Akaingia ndani, akatoka na mkeka, akautandika sakafuni kando ya kitanda chake. Hakuniomba nishuke. Akajinyoosha, akageukia ukuta, na kabla ugali haujaiva alikuwa anakoroma.