Gari la Marehemu Lilivyokwenda Igunga na Kurudi

Niliondoka Tabora kwa sababu ya maneno ya mtu mmoja. Nilipotoka eda ya marehemu mume wangu, mdogo wake Hamisi, karani anayevaa kalamu tatu mfukoni, alikuja uani kwangu, akalipiga teke gurudumu la gari na kusema, "Shemeji, hiki ni chuma chakavu. Tukiuze, tugawane."

Lilikuwa gari la Kiingereza lenye mgongo wa mviringo, lililoundwa kabla mimi sijavunja ungo. Mzungu mmoja wa serikali alimwuzia mume wangu mwaka wa Uhuru, akarudi kwao. Miaka yote tulilifanyia kazi ya teksi. Mume wangu ndiye aliyeniingiza uvunguni mwa gari kushika spana, na ndiye aliyenifundisha kuendesha. Watoto hatukujaliwa, nyumba ilikuwa ya kupanga, na shamba sikuwa nalo. Gari lile ndilo lililokuwa jembe langu. Tatizo lake lilikuwa springi za nyuma, vile vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Vilikatika, na miaka ile ya shida rafu za maduka ya vipuri zilikuwa tupu. Mwenye duka wa Kihindi pale mjini alinitazama kwa huruma. "Hakuna, mama. Hata Dar es Salaam hakuna."

Nilikasirika, sifichi. Nikaenda kwa Baba Mkubwa, mzee wa ukoo wa mume wangu, nikasema mbele ya Hamisi kwamba gari litakwenda Igunga na kurudi kwa magurudumu yake. Hamisi akacheka mpaka kalamu zikatikisika. Baba Mkubwa hakucheka. "Jumapili tuna kikao cha mirathi," alisema. "Likirudi kabla hatujakaa, ni fungu lako. Lisiporudi, litauzwa. Hamisi, nenda naye ukashuhudie."

Igunga sikuitaja ovyo. Dereva wa lori aliyekuja kunipa pole alikuwa ameniambia kwamba huko kuna gari jipya la mashindano ya mbio lililopinduka mwaka uliotangulia, limebondeka ubavu mmoja lakini miguu yake ya nyuma mizima. Vitu vya namna hiyo huwezi kuagiza viletwe kwenye kikapu. Lazima gari na springi vikutane, mtu apime.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, tulitoka. Kati ya ekseli, ule mtaimbo unaobeba magurudumu ya nyuma, na bodi nilikuwa nimepachika gogo la mninga, nikalikaza kwa vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu. Hamisi alikaa nyuma kama bwana mkubwa. Barabara ya Nzega ilikuwa na matuta madogo madogo, na kila tuta liligonga gogo, gogo likagonga kiti, kiti kikamgonga Hamisi. "Shemeji, mgongo wangu!" Nikamwambia chuma chakavu ndivyo kilivyo. Tulikwenda mwendo wa baiskeli. Wanakijiji wa kijiji kimoja cha ujamaa, waliokuwa wakiezeka nyumba zao mpya, walisimama juu ya mapaa kututazama.

Nzega tuliingia baada ya adhuhuri, tukala wali na maharage, nikakaza mipira upya. Kutoka hapo njia inapita kwenye mbuga ya udongo mweusi unaonasa magari, na ilikuwa bahati kwamba mvua hazijaanza. Igunga tulifika jua likizama, vumbi limetugeuza sote weupe. Tukaomba malazi kwa familia ya wafugaji, ambao hawakutuuliza lolote mpaka tulipokwisha kula.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwa mwenye lile gari. Anaitwa Mzee Kondo, fundi wa kuchomelea aliyewahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha pamba, sasa ana karakana yake nyuma ya nyumba. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza shida yangu.

"Marahaba. Kabila gani?"

"Mnyamwezi wa Tabora."

Aliweka nyundo chini. "Mimi Mzaramo. Babu zako walipita kwetu na pembe za ndovu vichwani, wakala muhogo wetu, wakaondoka bila kuaga. Leo umekuja kumalizia?"

Hapo nilijua nimefika. Tangu enzi za misafara Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Mtani hukutukana usoni, huchukua kitu chako mchana kweupe, na wewe huna ruhusa ya kununa. Nikamjibu kwamba muhogo wenyewe ulikuwa mchungu, ndiyo maana hawakuaga. Majirani wakaanza kusogea. Nikavua mtandio wa begani, nikaufunga kwenye gurudumu la nyuma la lile gari la mashindano, nikakaa juu yake. "Mtani, nimekwisha kulichukua."

Watu waliangua kicheko. Mzee Kondo alinizunguka mara mbili akinitukana matusi ambayo siyaandiki hapa, kisha akaingia ndani na kutoka na mtungi wa gesi. "Mwizi huyu! Basi simama, tufungue."

Lakini utani una pande mbili. Alipopita karibu na Hamisi alimwambia avue viatu, viatu vile vyeusi vya ofisini, akavivaa yeye. Hamisi akafoka. Akasema ataripoti polisi. Majirani wakaguna, maana Mnyamwezi anayemkasirikia Mzaramo kwa utani ni jambo la aibu, na karani mzima alikuwa amesahau. Mzee Kondo hakupandisha sauti. "Umekasirika, utalipa faini. Leo utalala uvunguni na kushika vyuma mpaka kazi iishe." Hamisi alinitazama nimtetee. Nilikuwa nafungua boliti.

Springi za gari la mashindano ni za kujiviringa, na ndani ya kila moja limesimama shokapu, bomba la mafuta linalozuia gari lisirukeruke. Tulikata vikombe vinavyozishika, tukavichomelea kwenye chesisi, kiunzi cha chini cha gari langu, tukaziingiza. Ilipofika adhuhuri gari lilisimama juu ya miguu yake mipya, limetulia, limeinama kidogo tu nyuma. Nililisifu kwa sauti. Nikawasha, nikazunguka ua, na kwenye kona ya kwanza ekseli nzima ikahama upande. Tairi likasaga bodi, moshi ukatoka.

Nilishuka, nikainama kutazama tairi. Mzee Kondo alikuwa anapiga makofi. "Hongera, mtani! Umetengeneza kaa, anakwenda ubavu."

Kosa lilikuwa langu. Vile vyuma bapa vya zamani hubeba gari na papo hapo huishika ekseli isitoke mahali pake. Springi ya kujiviringa hubeba tu. Kwenye gari la mashindano ekseli hushikwa na mikono minne ya chuma, na mimi kwa haraka yangu niliiacha kwenye mabaki nikidhani ni ya urembo. Tukaifungua yote minne, tukapima kwa kamba, tukachomelea masikio ya kuishikia. Hamisi aliishika mmoja mmoja, cheche zikimwangukia kwenye shati. Jua lilipotua nilizunguka ua mara kumi. Ekseli haikuhama. Mzee Kondo akamrudishia Hamisi viatu vyake, akasema vinanuka wino.

Jumapili tuliaga alfajiri. Ilitulazimu kuwahi, kwa sababu siku hizo serikali ilikuwa ikibana mafuta, na Jumapili ikipita saa nane mchana gari la binafsi lilikuwa marufuku barabarani. Ukikamatwa, gari linalala kituoni. Nilikanyaga. Naapa gari lile halijapata kwenda vile tangu lishuke melini! Matuta yaleyale ya Ijumaa tuliyapita kama mtu anayepita juu ya mkeka. Kwenye kona mgongo wake wa mviringo haukulala upande. Nilicheka peke yangu, nikalia kidogo, maana aliyestahili kuliona hakuwepo. Hamisi alilala usingizi kutoka Nzega, mdomo wazi.

Saa saba kasorobo tuliingia Tabora, nikalisimamisha mbele ya mlango wa Baba Mkubwa. Wazee ndio kwanza wanatandika mikeka. Nikadhani yamekwisha.

Hamisi alishuka, akajinyoosha, akaomba kusema. "Wazee wangu, mapatano yalikuwa gari la marehemu lirudi. Hili silo. Miguu ya nyuma ni ya gari jingine, nimeishika kwa mikono yangu. Gari la kaka halipo tena. Kwa hiyo mapatano yamevunjika."

Wazee walitazamana. Mmoja alitikisa kichwa kukubali. Damu ilinipanda, lakini nilikaa chini kwanza ndipo nikasema.

"Shemeji asema kweli?"

"Kweli tupu," alijibu mwenyewe.

"Hili si gari la kaka yako?"

"Silo."

"Basi, Baba Mkubwa, kikao hiki kinagawa mali ya marehemu. Kama hili si lake, halimo kwenye mirathi. Hamisi hana fungu humo, wala hana neno."

Baba Mkubwa aliangalia chini, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Kisha akaniambia, "Mwanangu, liondoe gari lako mlangoni pangu, wazee wapite."

Watu wananiuliza nilijifunza nini safari ile. Nilijifunza kutoacha mikono ya ekseli kwenye mabaki. Hayo mengine nilikuwa nayajua kabla sijaondoka, ila hakuna aliyeniuliza. Jumatatu treni ya Kigoma ilipoingia nilikuwa stesheni, mlango wa nyuma wazi, naita abiria.