Mkono wa Mama wa Ubatizo

Juzi nilirudi Goma, rafiki yangu, nikapita mtaa wetu wa zamani, nyuma ya Himbi. Harufu ya sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwani, ilinirudisha uani kwa jirani yetu, fundi cherehani, aliyekuwa mama yangu wa ubatizo.

Sisi Wakatoliki tulikuwa na shirika letu la mtaa. Kila wiki tulisali nyumba kwa nyumba, na hakuna mlango uliorukwa, hata wa mlevi. Watoto tulibeba mabenchi juu ya yale mawe meusi ya volkano, huku tukiwaza maharagwe yatakayofuata amina. Shirika lilikuwa na midomo, sikatai. Lilijua nani kagombana na mumewe na nani kalala njaa. Lakini mwenye njaa alikula.

Nilipokaribia komunyo ya kwanza, mama wa ubatizo alinipima gauni jeupe. Kwetu yeye ndiye husimama nyuma ya mtoto, mkono begani, mpaka apokee. Aliniambia, "Siku ile mukono yangu itakuwa ku bega yako."

Kabla gauni halijaisha, alijiunga na Wamormoni. Chai akaacha, shirika akaacha. Jumatatu jioni, saa niliyozoea kula kwake, mlango ulifungwa kwa sababu ilikuwa jioni ya familia. Nami nilidhani mimi ni familia yake. Wenzake wapya walikuwa watu wema. Mmoja wao akiugua, walifika na mashati yao meupe wakachota maji, wakaosha masufuria. Walipendana kweli, ila walipendana kwa ndani.

Komunyo iliangukia Jumapili, na yeye alikuwa na ibada yake. Gauni alilituma. Lilinikaa sawasawa, na hilo liliniuma zaidi. Bibi yangu hakutafuta mtu mwingine wa kunisimamia. Ahadi ni deni, alisema, atakuja tu. Kila mtoto alikuwa na mkono begani. Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Alinisaliti, nalisema wazi hata leo.

Siku hizi shirika lenyewe limepungua. Wengi wamehamishwa na vita, bibi hayupo, mabenchi sijui yako kwa nani. Mama wa ubatizo yupo, amezeeka. Juzi alinitambua mlangoni kwake, akafurahi sana, akaniwekea mkono begani.

"Kuya kwetu dimanshi, mutoto wangu," alisema, yaani Jumapili, kanisani kwao. "Kwetu mutu hakaake peke yake."

Nilingoja auondoe ule mkono.