Atuganile na Bonde la Sangari

Mumewe alipofariki, Atuganile alibaki na ng'ombe wawili, binti yake Tumpe, na ruhusa ya kulima kipande cha bonde nyuma ya kijiji cha Mpemba. Ruhusa hiyo aliitoa shemeji yake Jairo, msimamizi wa ardhi ya ukoo. Hakuna aliyemwonea wivu. Sangari, nyasi ya mizizi migumu, ilikuwa imejisokota ardhini, jembe linadunda tu.

Mwanzoni alipata matuta machache ya kabichi na mgongo usionyooka. Ndipo akauza ng'ombe wote, akanunua pawatila, mashine ndogo ya kulimia inayosukumwa kwa mikono, iliyokwishatumika. Fundi Samwel akamfundisha kuiendesha. Siku ya kwanza mashine ilimburuta hadi mferejini. Wanaume waliokuwa wakipita wakacheka mpaka wakashika magoti. Aliinuka, akajifuta tope, akaiwasha tena.

Aliing'oa sangari, akaichoma, akalima na kurudia hadi udongo ukawa kama unga. Nyanya zikakubali. Wachuuzi wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, wakaanza kumfuata hukohuko shambani, na Tumpe akarudi shule.

Mwaka jana, baada ya mavuno, Jairo alikuja. Alichota udongo, akaupondaponda kiganjani.

"Shemeji, bonde limependeza," alisema. "Msimu ujao nitalima mwenyewe."

"Na mimi nilime wapi?"

"Si una mashine? Mwenye mashine hakosi pa kulima. Nilikupa ulime, sikukupa shamba."

Atuganile alikwenda kwa wazee wa ukoo. Walimsikiliza vizuri, mmoja hata akamsifu kwa bidii. Kisha wakasema ardhi ni ya ukoo. Yeye, aliyezaa ndani ya ukoo huohuo, hawakumhesabu.

Siku hizi anawalimia watu kwa malipo. Utamwona asubuhi nyuma ya pawatila, akifungua mashamba ya wengine, na kuondoka kabla mbegu hazijaingia ardhini.

Mwezi wa tano Jairo alituma mtu amwite akamlimie bonde. Atuganile akakubali.

"Mama, kwa nini?" Tumpe aliuliza kwa hasira.

"Nisipokwenda mimi ataitwa mwingine. Na wewe ada yako ataleta nani?"

Alilima bonde lote, hakuruka hata ukingo. Mikono yake haikujua kulima vibaya, na hilo lilimuuma kuliko yote. Alipomaliza, Jairo alimletea chai kwenye kikombe cha wageni. Atuganile aliipokea kwa mikono miwili, akaimwaga mtaroni mbele ya macho ya Jairo, akaondoka na mashine yake.