Njuga ya Bibiane

Asubuhi Bibiane alipopita mbio katikati ya soko la Kadutu, amevaa viatu vipya vya michezo alivyotumiwa kutoka Italia, soko lilivunjika. Hakupiga kelele, hakumgusa mtu. Alikimbia tu, macho mbele. Muuza mkate alimwona, akaacha mikate yake. Mwanamke wa makaa alimwona muuza mkate, akaacha makaa. Maman Emérence, jirani yake Bibiane, alikuwa ndiyo kwanza anamwaga sambaza mezani, wale samaki wadogo wa ziwani. Yeye hakumwona mtu yeyote. Alisikia miguu, ikamtosha. Bibiane alipofika juu ya mlima akageuka, akakuta nusu ya soko iko nyuma yake, watu wamebeba watoto na masufuria, wanahema.

"Dada, vita iko wapi?" mmoja akamwuliza.

"Haiko vita," akasema Bibiane. "Iko sport."

Usicheke sana, msomaji. Bukavu ya miaka ile ilikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote na kila mtoto aliijua: ukiona mtu anakimbia, usiulize, kimbia; utauliza mbele ya safari. Waliotangulia kuuliza, mwaka 1996, hawapo tena kutusimulia walijibiwa nini. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mji huu uliumwa na nyoka wengi.

Bibiane alikuwa karani wa ofisi moja ya afya kule Muhumba, mwanamke mwembamba aliyekaribia miaka arobaini, asiye na mume, na majirani hawakumwacha asahau hilo. Mbio alizianza kwa shida tu. Vita vilipokula magari ya mji, alishuka kwa miguu kutoka Kadutu hadi kazini, viatu vya ofisi ndani ya mfuko, na kwa kuwa hapendi kuchelewa, akakimbia. Baadaye akashinda mbio za parokia, akiwaacha hata vijana wa kwaya. Padre Raphaël, mmisionari mzee aliyekuwa akirudi kwao Italia, aliyaona hayo kwa macho yake. Mwaka 2004 akaandika kutoka huko kwamba mji wake una marathon mwezi wa Juni, kwamba wakristo wake wamechanga nauli, na kwamba jina la Bibiane limeshaandikishwa.

Majirani walidhani anakwenda kutafuta medali, au Mzungu. Alichotaka ni kitu kimoja, na hakumwambia mtu kwa sababu angeonekana mwenda wazimu: alitaka kukimbia mara moja katika maisha yake bila kufukuzwa.

Kizuizi hakikuwa soko. Kilikuwa nyumbani.

Baba yake, Papa Zagabe, alikuwa fundi cherehani aliyeshona kanzu za mapadre wa nusu ya jimbo. Mwaka ule wa 1996, mji ulipovamiwa, alikimbia na mkewe Agathe kwenye barabara ya Katana, amemshika mkono, na Bibiane ametangulia na mzigo kwa sababu ndiye mwenye miguu. Nyuma mtu akapiga ukelele. Umati ukasukuma kama maji yaliyofunguliwa. Waliposimama, Papa Zagabe alikuwa bado ameshika mkono, tena ameushika kwa nguvu, lakini ulikuwa mkono wa mwanamke mwingine. Mwanamke huyo naye alikuwa akimtazama, anashangaa mkono alioushika yeye ni wa nani.

"Mama yako iko wapi?" alimwuliza binti yake.

"Iko nyuma, na weye," Bibiane alijibu, maana ndivyo alivyoamini.

Agathe hakuonekana tena. Hakuna maiti, hakuna kaburi, hakuna matanga. Utamliaje mtu ambaye pengine anakuja? Tangu hapo Papa Zagabe alilala na viatu miguuni, kamba zimefungwa, na kando ya kitanda kifurushi chenye kitenge cha mkewe. Bibiane alipoanza mazoezi, kila alfajiri mzee alisikia miguu yake ikitoka, akaamka, akachukua kifurushi, akasimama barabarani. Binti aliporudi amelowa jasho, mzee alikuwa hamtazami yeye. Alitazama nyuma yake, kuona nani anafuata.

"Mama yako iko wapi?"

Kila asubuhi. Bibiane alianza kuogopa kurudi nyumbani kuliko alivyoogopa vilima.

Baada ya mkasa wa sambaza, Cyprien, mkubwa wa avenyu yao, yaani kiongozi wa mtaa, alimwita. Alikuwa mtu wa maneno mengi na meno machache. Maman Emérence alikuwepo, bado ana hasira.

"Batu hawatalala sababu ya Ulaya yako," alisema Cyprien. "Lakini Ulaya ni Ulaya, siwezi kukukataza. Unapashwa kubeba kitu yenye mutu wa kukimbia vita hawezi kubeba."

Akaingia ndani, akatoka na njuga, kengele ndogo ya chuma ambayo wawindaji wa Bushi, vile vilima vinavyozunguka mji, humfunga mbwa shingoni ili wajue yuko wapi porini. Ilikuwa ya mbwa wa marehemu baba yake.

"Mutu anayekimbia vita anajificha," akasema. "Hapigi kengele."

"Sasa njo nimekuwa imbwa?" aliuliza Bibiane.

"Imbwa ya avenyu," alijibu Maman Emérence, na hapo hasira yake ikaisha, akacheka mpaka akashika mbavu.

Papa Zagabe ndiye aliyeishona njuga ile kwenye ukanda wa kitambaa cheusi kilichobaki kwenye kanzu ya padre, ili ikae kwenye kifundo cha mkono isimkwaruze. Alishona polepole. Bibiane alimweleza kila siku, kama unavyomfundisha mtoto sala: "Papa, ukisikia njuga, iko miye, na haiko vita. Ukisikia njuga, ulale."

Cyprien alitangaza kwenye avenyu, paroko akatangaza kanisani. Mji ukazoea. Alfajiri njuga ilipolia ngri-ngri kushuka vichochoro, watu waligeukia upande wa pili kitandani wakaendelea kulala. Na asubuhi moja, Mei ikiwa katikati, Bibiane alirudi asimkute baba yake barabarani. Akaingia chumbani mbio, akamkuta amelala chali, anakoroma, na miguu yake iko nje ya blanketi, mitupu. Tangu vita alikuwa hajaviona vidole vya baba yake. Vilikuwa vyeupe, vimekunjamana, vimeshikamana. Akakaa chini sakafuni akalia kwa furaha, halafu akaenda kupika chai.

Wiki zile zilizobaki alikimbia vizuri kuliko wakati wowote. Lakini barabara ya Katana ndiyo pekee yenye urefu wa kutosha, na barabara ile haikuwa tupu. Kila alipofika mahali fulani kando ya ziwa, penye mikaratusi, alisikia miguu nyuma yake. Mingi, ya watu wazima na ya watoto, na mmoja unaoburuta kidogo, kama wa mama yake aliyekuwa na goti bovu. Akikaza, nayo ilikaza. Akipunguza, ilipunguza. Hakugeuka hata siku moja. Aliogopa asimwone mtu, na aliogopa zaidi amwone. Alitikisa njuga kwa nguvu, ngri-ngri, kuiambia miguu ile kwamba vita vimekwisha, walale.

Mwisho wa Mei alikuwa kwenye barabara hiyohiyo, anarudi kutoka mbio zake ndefu za mwisho, aliposikia risasi upande wa mji. Risasi moja mbili hazikumwamsha mtu Bukavu. Watu walingoja kuona miguu. Lakini hizi hazikukoma, na katikati yake kulikuwa na mlio mzito uliotikisa ziwa. Akaongeza mwendo. Kando ya barabara watu wamekaa milangoni mwao, na mwanamke mmoja aliyekuwa akimwogesha mtoto alimpungia mkono.

"Bonjour, maman sport!"

Bibiane alipita hatua kadhaa kabla hajaelewa. Akamtazama yule mwanamke, akatazama mkono wake mwenyewe. Njuga ilikuwa inawaambia watu wakae. Akaikunja ndani ya kiganja isilie, akakimbia hivyo, kimya, na nyuma yake akasikia beseni likianguka na milango ikifunguka.

Papa Zagabe alikuwa amelala, miguu mitupu.

"Papa, amuka. Tukimbie."

Mzee alifungua jicho moja. Akaona njuga ndani ya kiganja cha binti yake, akatabasamu. "Njuga njo hii. Haiko vita." Akageukia ukuta.

Akamvuta, mzee akavuta mkono wake. Akamwambia ni kweli, leo ni kweli, askari waasi wameingia. Mzee akamjibu kwa upole uleule aliofundishwa: ukisikia njuga, ulale. Risasi zilikuwa zimefika sokoni. Kumbeba kwa nguvu hakuweza; mzee asiyetaka kwenda ni mzito kuliko mawe.

Basi alifanya jambo ambalo hajalisamehe mpaka leo. Akaizika njuga kwenye chungu cha unga. Akatoka uani, akaanza kukimbia huku na huko juu ya mawe, akipiga nyayo kwa nguvu, mara hapa, mara pale, peke yake, mpaka miguu yake miwili ikawa ya watu wengi. Alikuwa analia. Hofu aliyoitoa ndani ya baba yake kwa wiki zote zile, kwa uvumilivu, tone kwa tone, alikuwa anairudisha yote kwa mara moja.

Alipoingia, Papa Zagabe alikuwa ameshafunga kamba za viatu. Kifurushi kiko kwapani. Uso wake ulikuwa ule wa mwaka 1996.

"Mama yako iko wapi?"

Bibiane alijua kwamba akijibu kama zamani, mzee atarudi nyuma, na nyuma ndiko kulikokuwa na bunduki.

"Iko mbele, papa," akasema. "Tukimbie."

Walipanda njia ya Ciriri pamoja na Maman Emérence na wengine, wakaingia vilima vya Kabare, ambako binamu yao mmoja alikuwa na nyumba kati ya migomba. Huko kulikuwa na usalama, uji na mkeka. Papa Zagabe hakutaka kukaa.

"Umesema iko mbele. Hapa iko mbele?"

"Pumzika kwanza, papa."

"Tunapumzika, yeye anaenda."

Siku zote walizokaa kule, mzee alikaa kizingitini na viatu vyake, anatazama njia inayoendelea kupanda. Alikuwa amengoja miaka minane kitu kinachotoka nyuma. Sasa alikuwa na haraka. Mara mbili walimkuta ameshaenda, wakamrudisha kutoka mlima wa pili. Bibiane alitaka kumwambia kweli, na kila mara alimwona jinsi alivyonyoka mgongo, jinsi alivyokula upesi ili awe tayari, akashindwa. Mficha maradhi kifo humfichua. Lakini nani atakuwa wa kwanza kusema, mama amekufa, baada ya kuwa amemfufua mwenyewe kwa neno moja?

Walirudi Kadutu askari wale walipoondoka mjini. Mlango ulikuwa umevunjwa, redio imekwenda, cherehani imekwenda. Chungu cha unga kilikuwa kimebaki, kwa kuwa unga uliingia fukusi. Tiketi ya ndege alikuwa amezunguka nayo muda wote huo, ndani ya shati.

"Uende," alisema Maman Emérence. "Mie nitamuchunga muzee. Usipoenda, halafu nani atatupa sababu ya kuamka asubuhi?"

Bibiane alisema haendi. Usiku wa kuamkia safari bado alisema haendi. Alfajiri alikuwa amevaa, na begi liko mlangoni.

Papa Zagabe alikuwa ameamka kabla yake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda na sindano ya mkono, akimalizia uzi kwa meno. Akamwonyesha njuga, ameisafisha unga. Ule ukanda mweusi hakuwa nao tena. Alikuwa ameishona kwenye ukanda mpya, wa kitenge cha njano chenye maua ya bluu. Kifurushi kilikuwa kando yake, wazi, na kitenge cha Agathe kimekatwa pembeni, kimekatwa sawa kabisa, kama fundi anavyokata.

"Unaenda wapi?" akauliza.

"Ulaya, papa. Kwa ile mbio."

"Ulaya iko mbele ya Katana?"

"Iko mbele sana."

Mzee alifikiri. "Basi utafika mbele yangu. Ukimukuta mama yako, umuambie miye niko nakuja. Umuambie ni miguu tu." Akamshika mkono, akamfunga njuga, akakaza fundo. "Usiivue. Batu ya kule hawakujue. Wakikuona unakimbia, bote watakimbia."

Bibiane alitaka kucheka, na alitaka kupiga magoti. Papa, mama alikufa. Maneno yalifika mpaka kwenye meno.

"Na yeye akiona kitenge yake," mzee aliendelea, "atasimama akungoje."

"Nitamuambia, papa," alisema Bibiane.

Mzee akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akainama pale kwenye kigoda, akafungua kamba za viatu, kimoja, halafu cha pili, akavisukuma chini ya kitanda. Sasa kulikuwa na mtu mwingine wa kwenda kumtafuta.

Bibiane alibeba begi lake akashuka kwa miguu kuelekea mpaka wa Ruzizi, akapandie ndege ng'ambo ya mto, na njuga ikilia kila hatua. Nyuma yake miguu ile mingi ilishuka pamoja naye, na ule unaoburuta ulikuwa karibu kuliko siku zote. Alipita katikati ya soko. Maman Emérence alikuwa anamwaga sambaza mezani, na aliposikia njuga hakuinua hata kichwa.