Mbuke na Cheti cha Moshi

Kabla ya kugusa karatasi ya mtu, Mbuke aliinusa. Wageni walicheka. Mimi sikucheka, maana tabia hiyo ilianzia kwangu.

Mwaka 1989 Mbuke alikuwa karani katika ofisi moja hapa Shinyanga mjini, na faksi yao ilimtii yeye tu. Alichomoa pini moja moja, akanyoosha pembe zilizokunjamana kwa ukucha, akazipepea karatasi zisishikane, ndipo akazilaza kifudifudi.

Mume wangu Ignas alikuwa amekamatwa nchi jirani, alikokwenda kuchimba dhahabu. Hakuwa na kitambulisho. Wakasema ni mkimbizi, atarudishwa kwao, kwenye nchi ya vita ambako hakuwahi kukanyaga. Telegramu ya padri wa huko ilinifikia Kagongwa siku ya Alhamisi: cheti cha ubatizo kifike kwa faksi kesho kabla ya saa tisa, kionyeshe Ignas ni mzaliwa wa Ushirombo. Kwenda parokiani kuchukua kipya, muda haukuwepo. Nikachukua kilichokuwepo, nikapanda lori la pamba.

Mbuke alifungua kitambaa nilichokifungia cheti, akakinusa.

"Mama Felician, karatasi hii imekaa wapi?"

"Darini, juu ya mafiga, miaka kumi na tisa. Mchwa hawapiti kwenye moshi."

Sikuona aibu kusema. Mbegu zetu zilikaa hapo hapo, na darasa la nne nilimaliza, thamani ya karatasi naijua. Karani mwenzake, Anatoli, akasema basi tulete na chumvi, nyama imeshakauka. Mbuke hakumtazama.

Alitoa nakala ya kujaribu. Ikatoka nyeusi kama tako la sufuria. Akafungua chakula chake cha mchana, akamega ugali mkavu, akauviringisha juu ya cheti polepole. Ugali ukageuka kahawia. Akautupa, akamega mwingine. Jina likatokea. Mwaka ukatokea. Kwenye muhuri wa parokia karatasi ikaanza kuchanika. Nikamwambia aendelee.

"Nikiendelea, mayu," akaniita mama kwa Kisukuma, "tutabaki na tundu."

Ilikuwa saa nane na nusu. Nikapiga magoti nikamshika gauni, mimi ambaye sijapata kumwomba jirani hata kiberiti. Akaniinua, akakibandika cheti kwenye karatasi safi kisikwame, mashine ikakimeza.

Jibu likaja saa tisa kasoro dakika tano: jina linasomeka, muhuri hausomeki, hawakubali.

Mbuke akakituma tena. Saa tisa ikapita, akawa bado anatuma.

Jumatatu padri akaandika kwamba Ignas alipandishwa gari Jumamosi. Hajarudi mpaka leo. Cheti ninacho, kimo kwenye kopo la biskuti. Mchwa hawajakigusa.

Mbuke naye, mpaka alipostaafu, akisikia harufu ya moshi kwenye karatasi aliweka kando kazi za wakubwa wote, akaanza na mwenye karatasi hiyo.