Bei ya Gaju

Nyumba ya baraza ya Muheto leo ni depo ya maharagi. Ukiingia unapiga chafya tu. Zamani, na sisemi zamani ya wakoloni, nasema juzi-juzi tu, mule ndani alikaa Juge Zéphyrin na koti lake la kijani, akikata kesi za mbuzi, za mipaka ya mashamba, za majirani waliotukanana kisimani. Watu walikuja na viti vyao. Mama wengine walileta mihogo ya kumenya, wasikose neno.

Lakini baraza ndogo ilikuwa na kipimo chake. Kitu kikipita bei fulani, juge mdogo hana ruhusa ya kukigusa: kesi inapanda tribinali ya mujini, kwa avoka wa kukusemea, kwa pesa ya lori, kwa "rudi mwezi ujao". Sheria ilihesabu kwa franka, sisi tulihesabu kwa mbuzi. Ngombe moja iliweza kubaki chini ya kipimo, mradi mwenyewe asiisifu.

Papa Séraphin Dusabimana alikuwa mkulima, mguu mmoja mfupi, mdomo mrefu. Alikuwa na ngombe moja, Gaju, rangi ya udongo wa njiani baada ya mvua. Alipokwenda kutibiwa mguu, aliiacha kwa rafiki yake Viateur kama ilivyo desturi: muchungaji anakunywa maziwa, mwenyewe akirudi anarudishiwa ngombe. Aliporudi, Viateur akasema alipewa zawadi. Zawadi kutoka kwa Papa Séraphin, ambaye hata kiberiti alikiazimisha kwa masharti.

Viateur alitaka kesi ipande mujini. Ndugu yake alikuwa na lori, na Papa Séraphin hakuwa hata na baiskeli. Kwa hiyo asubuhi ya kesi bibi yake wa ndoa, Mama Dorothée, alimshika kola.

"Watakuuliza bei. Sema imezeeka."

"Nitasema."

"Sema imekonda, maziwa haijaze hata kikombe."

"Dorothée, nimesikia."

"Umesikia, lakini nakujua."

Alimjua kweli. Kwetu, kuisema ngombe vibaya ingali hai ni kama kumwambia bibi-arusi ana miguu ya kuku. Na Viateur, mjanja, akaileta Gaju yenyewe na kuifunga mbele ya mlango, imenona.

"Papa Séraphin," juge aliuliza, "hii ngombe iko bei gani?"

"Juge, iko... iko muzee kidogo."

Gaju ikasikia ile sauti, ikageuza masikio. Papa Séraphin akaanza kuisifu: pembe zake, mwendo wake, macho yake, mama yake, nyanya yake.

"Papa," juge alisema polepole, "sikia swali vizuri. Ao labda hii ngombe iko mugonjwa?"

"Mugonjwa? Juge, uza hii nyumba na hilo koti lako, hautapata hata mukia wake."

Juge Zéphyrin akaweka kalamu chini. Kesi ikapanda mujini. Mama Dorothée akakaza kitenge chake, akarudi nyumbani peke yake.

Mujini Papa Séraphin hakwenda kamwe. Ila kila Jumapili, baada ya misa, alipita kwa Viateur na chumvi mfukoni, akasimama kwenye ua. Viateur alijifanya hamwoni. Gaju ilikuja kulamba mkono. Tulimcheka, mimi wa kwanza. Sasa barabara ile Jumapili imebaki barabara tu, na ningependa sana kumwona tena akichechemea, mfuko wa suruali umelowa chumvi.

Alikufa mwaka jana. Siku ya kuondoa matanga, Viateur akafika na kamba mkononi, nyuma yake ndama ya kike, mjukuu wa Gaju, manyoya yanang'aa, tumbo kama ngoma.

Mama Dorothée hakuinuka kwenye mkeka. "Na hii, iko bei gani?"

Viateur aliangalia chini. "Imekonda, Mama. Haifike hata mbuzi mbili. Kesi tunaweza kuimaliza hapa hapa."

"Ifunge pale kwa migomba," Mama Dorothée alisema. "Na usitukane ngombe mu nyumba ya Séraphin."