Nitatangulia Mwenyewe

Watu wenye uwezo wao wakiamua kwenda kumpiga nyati, kitu cha kwanza wanachotafuta ni boksi zuri. Hilo nimelishuhudia kwa miaka minne, tangu shangazi aliponitafutia kazi ya kujaza fomu katika duka la silaha ambako yeye huuza risasi. Lipo boksi jeusi lenye maandishi ya dhahabu, linafungwa kwa sumaku kama la manukato, na juu yake amechorwa nyati aliyekunja uso kana kwamba ameoneshwa bei. Lipo pia boksi la kahawia lisilo na mchoro wowote, ukiliona utadhani lina misumari ya fundi viatu. Risasi za humo mote ni za daraja la juu, na bei zake hazipishani sana. Kinachopishana ni kazi zinayoifanya zikishaingia ndani ya mnyama, lakini nani ana muda wa kwenda kuchungulia ndani ya mnyama?

Shangazi anao. Chini ya kaunta ana trei ya mayai yenye mashimo thelathini, na katika kila shimo, badala ya yai, kuna kichwa cha risasi kilichochokolewa kwenye nyama, kikaoshwa kwa sabuni ya vyombo, kikapimwa kwa mizani ndogo ya sonara na kufungwa kikaratasi kwa uzi. Kwenye kikaratasi huandika mambo matatu tu: boksi kilimotoka, uzito uliobaki, na hatua alizokwenda mnyama baada ya kupigwa. Vichwa hivyo huletewa na mumewe, mfuata nyayo wa kampuni ya uwindaji, ambaye kazini wanamwita Pua. Wachunaji wakimaliza kazi yao, yeye hupekua nyama kwa vidole mpaka akipate chuma chake. Wake wengine wakingoja waume safarini hutarajia zawadi ya kitambaa. Shangazi hutarajia chuma kilichopinda, na akikipata uso wake hung'aa kama wa bi harusi.

Wateja humwita Mama Mayai. Wanadhani huo ni utani mzito sana.

Hawajui, au hawataki kujua, msafara unavyopangwa nyati akijeruhiwa na kuingia kichakani. Mbele kabisa huenda Pua na fimbo, macho chini akitafuta damu. Nyuma yake ni mwindaji wa kampuni na bunduki. Nyuma ya huyo ni mteja, na bunduki inayoweza kujenga nyumba. Yaani anayetangulia ni yule pekee asiye na kitu cha kufyatua. Aliyebuni mpangilio huo simjui, ila nina hakika hakuwa mfuata nyayo.

Katika shimo la pembeni la trei kuna kichwa kimoja kilichopasuka kama bisi. Kilitoka dukani kikiwa na gramu kumi na sita, kikatoka kwenye bega la nyati kikiwa na gramu saba. Boksi jeusi. Hatua mia nne na kumi. Kikaratasi chake kina neno la nne ambalo vingine havina, nalo ni "paja". Paja lenyewe ni la Pua, lililochanwa na pembe ya nyati huyo huyo. Miezi mitano hakuweza kupanda ngazi, na hadi leo akitembea, mguu mmoja ni kama unaomba ruhusa kwa mwenzake.

Basi Alhamisi moja asubuhi akaingia Bwana Vigae. Jina hilo nilimpa mimi, maana ana duka kubwa la vigae na mifukoni mwake hamkosi kipande cha sampuli. Alikuwa amepata kibali chake cha kwanza cha nyati, safari ilikuwa Jumatatu, na orodha ya msafara ilikuwa imefika mezani kwangu ikiwa na jina la mfuata nyayo: Pua. Nilimwonesha shangazi orodha ile. Alichukua kitambaa akaipangusa kaunta iliyokuwa safi.

Nilishawahi kumuuliza Pua kwa nini asikatae safari za watu wa aina hii. Alinijibu, "Nikikataa ataenda mwingine, naye ana mke pia."

"Mama, nipe hizi," Bwana Vigae akagonga boksi jeusi kwa kidole. "Nyepesi, ncha ya plastiki, kasi ya ajabu. Nimesoma majedwali yote. Mita mia tatu haishuki hata kiganja!"

"Nyati wako utampiga akiwa wapi?" shangazi akauliza.

"Popote atakapokuwa."

"Atakuwa kwenye kichaka, baba. Mita arobaini. Kwa mita arobaini hata jiwe halishuki sana."

Akamweleza taratibu, kama anavyowaeleza wote. Hiyo ya boksi jeusi ganda lake ni jembamba, nzuri kwa swala aliye mbali. Ikigonga bega la nyati kwa karibu hupasukia juu juu, mnyama akaondoka na mapafu yake mazima na hasira zake zote. Risasi ya kwanza iwe ya boksi la kahawia, nzito, yenye ganda nene lililoshikana na kiini chake, inayotanuka bila kusambaratika. Zinazofuata ndani ya bunduki ziwe ngumu tupu, zisizotanuka kabisa, maana nyati akishageuka kukimbia utampiga utakapompatia na lazima ipenye.

"Mama, mimi nimesoma," akasema Bwana Vigae.

Hapo Bosi akatoka ofisini. Bosi wetu hajawahi kumkaribia mnyama mkubwa kuliko paka wa jirani, lakini watengenezaji wa boksi jeusi walimpa saa ya ukutani, na tangu siku hiyo amekuwa mtaalamu.

"Mteja anajua anachotaka," akasema huku akitabasamu meno yote. "Mama, usimchoshe mgeni."

Shangazi akaivuta trei na kuiweka juu ya kioo. Akamwonesha kimoja kimoja, pamoja na kile cha pembeni, ila neno la nne alilifunika kwa kidole gumba.

"Hizi ni bahati mbaya tu," Bwana Vigae akasema. "Vichwa thelathini si utafiti."

"Sawa. Wewe mtu akija kununua vigae vya sakafu ya bafu, unampa vile vinavyong'aa?"

"Hata kidogo!" Alishtuka kweli, sura ya kazi ikamrudia. "Vinavyong'aa ni vya ukutani. Ukiviweka chini, mtu atateleza avunjike kiuno."

"Nani atateleza?"

"Mwenye nyumba. Aliyenunua."

"Basi una bahati," shangazi akasema. "Huku anayenunua siye anayeteleza."

Karani mwenzangu, anayekaa meza ya pili, akacheka, akadhani ni mzaha wa dukani. Nilitamani nimrushie mashine ya kubania karatasi.

Shangazi hakukata tamaa. Kila akisikia kuna mteja wa nyati, asubuhi huloweka magazeti ya zamani kwenye pipa huko uani, kwenye kiwanja chetu kidogo cha kulenga shabaha. Hufunga marundo mawili kwa kamba, na katika kila rundo huchomeka mfupa wa bega la ng'ombe kutoka buchani. Tukatoka nje. Bwana Vigae akafyatua ile ya boksi jeusi, magazeti yakaruka kama kuku waliofukuzwa, akapiga kelele ya furaha. Shangazi akafungua rundo. Mfupa ulikuwa umechubuka na kupata ufa, na nyuma yake vipande vya chuma vilikuwa vimeishia kwenye unene wa vidole vinne. Alivichokoa kwa kibano cha nyusi. Kisha ikapigwa ya boksi la kahawia. Hiyo haikufanya shangwe yoyote. Ilitoboa mfupa, ikapita, tukaikuta karibu na mwisho wa rundo, imetanuka, imekamilika. Mizani ikasema gramu kumi na nane kati ya kumi na tisa.

Bwana Vigae akatazama muda mrefu. Nilianza kuwa na matumaini, mjinga mimi.

"Lakini nyati si gazeti, mama."

"Kweli," shangazi akasema. "Gazeti halikasiriki."

Tukarudi ndani, na hapo ukweli ukatoka. Alikuwa ameshawatumia rafiki zake picha ya boksi jeusi. Watatu walikuwa wameshamjibu kwa pongezi, sasa ataonekana mtu wa namna gani akipiga picha na boksi la misumari? Uhai wa mtu wetu ulikuwa unapimwa dhidi ya picha ya simu, na picha ilikuwa inashinda.

Shangazi aliegemea kaunta kidogo, kama mtu aliyechoka ghafla. Kisha akanigeukia.

"Mwanangu, ongeza mstari kwenye fomu yake."

Akanisomea, nikaandika: "Risasi nimechagua mwenyewe. Nyati akijeruhiwa akaingia kichakani, nitatangulia mwenyewe, na mfuata nyayo atakuwa nyuma yangu."

Mstari ule haukuwa na nguvu ya kisheria hata chembe. Shangazi alijua, mimi nilijua, na Bosi alijua, kwa maana alianza kukohoa. Bwana Vigae peke yake ndiye hakujua. Alishika kalamu, akasoma, akarudia kusoma.

"Kutangulia mbele ya nani?"

"Mbele ya wote."

"Lakini si kuna mtu wa kazi hiyo?"

"Yupo," shangazi akasema, akaondoa kidole gumba kwenye kile kikaratasi. "Ni mume wangu. Hili hapa ndilo paja lake."

Saa ya Bosi ilisikika ukutani. Nilingoja Bwana Vigae aone haya, aombe radhi, japo ainamishe kichwa. Yeye aliweka kalamu chini polepole.

"Zile za kahawia," akasema, "mnazo za kutosha?"

Imani yake kwa boksi jeusi ilikuwa kubwa, lakini haikuweza kumbeba hatua moja mbele ya Pua. Alichukua za kahawia na zile ngumu, akasaini fomu mpya isiyo na mstari wowote, kisha akaomba jambo moja dogo: tumpe na boksi jeusi, tupu, kwa ajili ya picha.

"Mpe," shangazi akasema. "Boksi haliingii kwenye bunduki."

Kuanzia Jumatatu hadi Jumatano shangazi hakula mchana. Alipanga maboksi rafuni kwa ukubwa, kisha kwa rangi, kisha akarudia kwa ukubwa. Alhamisi jioni, tukikaribia kufunga, Pua akaingia na vumbi lake, akaweka kichwa cha risasi juu ya kioo.

"Kumi na moja," akasema.

Hatua kumi na moja! Shangazi hakukigusa. Alitoka nyuma ya kaunta, akamtazama miguu yote miwili kuanzia mapaja hadi visigino, kama anayekagua mzigo uliosafirishwa mbali.

"Vua viatu," akamwambia, "unaniingizia matope." Sauti ilimkatika katikati, nami nikajifanya natafuta faili, maana machozi yalikuwa yameshanitoka. Baadaye alikipima, akaandika kikaratasi, akakifunga uzi mara tatu zaidi ya kawaida.

Ningependa kuishia hapo. Lakini wiki iliyofuata alikuja rafiki wa Bwana Vigae, muuzaji wa magodoro, na nyuma yake wengine wawili. Alifungua simu yake na kumwonesha shangazi picha: nyati amelala, Bwana Vigae amepiga goti, kifua mbele, na kwenye pembe, limesimamishwa vizuri kabisa likielekea jua, boksi jeusi.

"Mama, tunataka hizi hizi," akasema. "Rafiki yetu ametueleza. Hatua kumi na moja tu, nyati chini! Anasema alizichagua mwenyewe baada ya utafiti, kuna watu humu walitaka kumbabaisha na za bei poa."

Bosi akaitazama saa yake ya ukutani kwa upendo. Mimi nilimtazama shangazi.

"Nilikosea," akaniambia kwa sauti ya chini. "Lile boksi nisingempa."

Orodha ya msafara wao ilikuwa mezani kwangu tangu asubuhi, na jina la mfuata nyayo lilikuwa lile lile. Shangazi akaisoma, akaikunja mara mbili, akaivuta trei ya mayai na kuiweka juu ya kioo.

"Karibuni," akawaambia wale watatu. "Magazeti yako kwenye pipa." Kisha akanigeukia mimi. "Mwanangu, ule mstari unaukumbuka?"

"Naukumbuka, shangazi."

"Usiwe unauandika kwa mkono. Uingize kwenye fomu yenyewe, uchape nakala mia."

Nilichapa mia mbili.